Jibu: Mashine ya kufulia inanguruma bila kuzunguka

Habari ndugu. Umesema kwenye mashine yako ya matangi mawili, upande wa kufulia unanguruma tu, hadi usukume kile kisahani cha chini kwa mkono ndipo mota ishike. Hapo mimi naanza na kapasita, kile kifaa kinachohifadhi chaji na kuisaidia mota ianze kuzunguka. Acha kusukuma umeme ukiwepo, utaumia!

Chomoa plagi, fungua nyuma, piga picha waya zilivyokaa. Kapasita hubaki na chaji hata plagi ikiwa nje, kwa hiyo gusanisha ncha zake mbili kwa bisibisi yenye mpini wa plastiki ili chaji iishe. Kapasita ya mashine yangu ilikuwa imevimba ubavuni, yaani imekufa.

Ukienda Kariakoo kununua mpya, nenda na ya zamani mkononi: mikrofaradi (kipimo cha uwezo wake wa kubeba chaji) zilingane, volti zisipungue. Ukibadilisha na bado inanguruma, vua mkanda uzungushe kwa mkono puli ya mota (gurudumu linaloshika mkanda). Ikiwa nzito, beringi zimekwama. Ikiwa nyepesi, fundi apime koili (nyaya zilizosukwa ndani ya mota).