Jibu: Ziara ya ulanzi milima ya Kilolo

Habari mkuu. Umeuliza mgeni wako wa Agosti atatembezwaje Kilolo, mkoani Iringa, aone ulanzi, yaani pombe ya mwanzi, ukigemwa.

Angalia mwezi kwanza. Ulanzi ni wa kipindi cha mvua. Agosti atakuta mianzi na baridi tu. Msogeze hadi Februari.

Tafuteni mgemaji mwenyeji, mpatane bei kabla ya kuingia shambani, mfike asubuhi. Hukata ncha ya chipukizi la mwanzi, hukinga maji yake, na hurudi asubuhi na jioni kukata upya. Yanachacha yenyewe, bila hamira. Mbichi, yaani mtogwa, ni mtamu kama juisi. Mimi nilinywa uliochacha tangu jana yake kwa kasi ya juisi, kilima nikakishuka kwa makalio! Dereva asionje, njia ikilowa inateleza.