Gari linavuma ukifika 60: grisi haifufui beringi

SWALI: Habari za kazi, fundi. Nina Toyota IST ya kuvuta mbele. Naishi Nachingwea na nashuka Lindi na Mtwara mara kwa mara. Gari likifika 60 linaanza kuvuma "vuuu", na likifika 80 sauti inajaa ndani hadi redio haisikiki vizuri. Fundi mmoja alifungua tairi la mbele kushoto, akaosha beringi, akapaka grisi, akakaza nati. Ilitulia siku chache, sasa imerudi na imezidi. Mwingine anasema ni difu ya nyuma. Wa tatu ananiambia nikafanye alaimenti. Wiki ijayo nina safari ya Dar es Salaam. Tatizo ni nini, na je, naweza kusafiri nalo?
Msomaji, Nachingwea

JIBU: Ndugu yangu, usiende nalo Dar. Kutoka kwako hadi huko ni zaidi ya kilomita 500, na njiani kuna vipande virefu ambavyo ukikwama usiku huna msaada wa karibu. Panga usafiri mwingine au ahirisha, hadi gari lipimwe na litengenezwe ipasavyo.

Hao wawili wa mwisho niwamalize haraka. IST ya kuvuta mbele haina difu ya nyuma, yaani ile gia inayogawa nguvu ya injini kwa matairi mawili. Difu yake imo ndani ya gia boksi, huko mbele. Aliyekuambia ni difu ya nyuma mwambie aingie chini ya gari akuonyeshe iko wapi. Alaimenti nayo inapanga mwelekeo wa matairi, haizimi mvumo. Inahusika kwa njia moja tu: ikikaa vibaya kwa muda mrefu, tairi linaliwa kwa meno ya msumeno, na tairi la hivyo huvuma kweli. Lakini hapo kilichokwisha ni tairi, na alaimenti ya leo hairudishi mpira ulioliwa mwaka jana.

Sasa tupime. Kwenye lami iliyonyooka, isiyo na mteremko wala magari, fika 80, ondoa mguu kwenye mafuta, weka gia N kwa sekunde chache bila kuzima injini. Mvumo ukibaki vilevile na kushuka taratibu pamoja na mwendo, injini haimo. Ukibadilika sana kila unapokanyaga na kuachia mafuta, shaka inahamia kwenye gia boksi.

Kisha shuka hadi 60, upinde usukani kidogo kulia, halafu kidogo kushoto, polepole. Ukienda kulia, uzito wa gari unalalia matairi ya kushoto. Kwa hiyo mvumo ukipanda unapopinda kulia na kufifia unapopinda kushoto, mara nyingi mgonjwa yuko kushoto. Mvumo wa tairi haujali sana usukani, ila unabadilika barabara inapobadilika, kutoka lami laini kwenda lami ya kokoto. Pitisha kiganja juu ya uso wa tairi kwenda mbele, kisha kurudi nyuma. Ikiwa upande mmoja unateleza na upande mwingine unakukwaruza, tairi lina meno. Hamisha ya mbele yaende nyuma, ukifuata mshale kama tairi lina mshale, uendeshe tena. Sauti ikihama nayo, umepata jibu bila kununua spea yoyote.

Halafu jeki. Weka mawe kwenye matairi yanayobaki chini, inua upande mmoja, egemeza gari kwenye stendi, usiamini jeki peke yake. Shika tairi juu na chini, lisukume na kulivuta. Likicheza, mwenzako aangalie mchezo unatoka kwenye hubu (kitovu cha chuma ambacho tairi linafungwa) au kwenye boli jointi (kiungo cha duara kinachoruhusu tairi kupinda). Usiposikia mchezo, bado hujamaliza, maana beringi nyingi huvuma muda mrefu kabla hazijaanza kucheza. Shika springi ya shokapu kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine zungusha tairi. Beringi nzima huisikii kabisa. Iliyokufa inatuma mtetemo kwenye springi hadi kwenye vidole, kama chuma kinachosaga mchanga. Fanya hivyo kwenye matairi yote manne, kwa sababu ndani ya gari sikio linadanganya, na mvumo wa nyuma husikika kana kwamba unatoka mbele. Tena hujasema kama yule fundi wa kwanza alipima chochote kabla ya kufungua hiyo ya kushoto.

Sasa hiyo grisi, maana ndiyo inayoharibia watu magari kila kukicha.

Beringi ya mbele ya IST ni ya kufungwa kiwandani. Ina safu mbili za gololi, sili pande zote mbili, na grisi yake imewekwa humo kwa kipimo. Haikutengenezwa ili ifunguliwe na kuhudumiwa. Inapoanza kuvuma, uso wa chuma ambao gololi zinapita umeshabanduka punje ndogo, na kila gololi ikifika hapo inagonga. Kwa mwendo wa 80 tairi lako linazunguka karibu mara 12 kwa sekunde, na katika kila mzunguko gololi kadhaa zinapita pale palipobanduka. Mapigo hayo makumi kwa sekunde ndiyo unayoyasikia kama mvumo mmoja mrefu. Hakuna grisi inayorudisha chuma kilichobanduka. Grisi mpya nzito inajaza vishimo na kumeza mtetemo. Hubu ikipata joto, grisi inalainika, gololi zinaisukuma pembeni, na ubovu unabaki palepale. Ndiyo maana ilitulia siku chache.

Ubaya hauishii hapo. Sili iliyong'olewa kwa bisibisi hairudi kama ilivyokuwa, na kwa mchanga wa huku na maji ya masika, beringi yenye sili iliyopinda imefunguliwa mlango. Ikioshwa kwa petroli inapoteza grisi ya kiwandani. Ikijazwa grisi ya kopo lolote hadi ifurike, inachemka kwa sababu gololi zinaisukasuka badala ya kupita. Na kukaza nati ili "kuondoa mchezo" hakuna kazi hapo. Beringi hii haina marekebisho, nafasi yake imeshapangwa na mchongo wa ringi zake za ndani. Nati ya shafti kwenye Toyota ndogo kama hii hukazwa kwa takriban 216 Nm (Nm ni kipimo cha nguvu ya kukaza) kwa spana yenye kipimo, haikazwi kwa bomba refu na nguvu za kijana wa gereji. Ikizidi inavuta uzi wa shafti. Ikipungua, beringi inaanza kucheza.

Tabia hii ilikotoka inajulikana. Land Cruiser mkonga, Hiace za zamani, malori na matrela yana beringi za rola za koni, moja ndani na moja nje. Huko kuosha, kukagua na kupaka grisi ni huduma halali kabisa. Unakaza nati huku ukizungusha hubu ili rola zikae, unalegeza, unarudisha kwa mkazo mdogo wa kitabu cha gari hilo, unafunga loki. Na hata huko, rola au kikombe kikishakuwa na vidonda, unabadilisha vyote viwili. Fundi aliyeichukua kazi ya mkonga akaihamishia kwenye IST anakutoza pesa kwa kazi isiyokuwepo.

Kazi yenyewe ni hii. Chuma kinachobeba hubu kinashushwa kutoka kwenye gari na kupelekwa kwenye presi. Gereji isiyo na presi ipeleke kwa wachonga vyuma walio nayo, isitumie nyundo. Hubu ikitoka, mara nyingi ringi moja ya ndani inabaki imeng'ang'ania juu yake. Itolewe kwa pula, hubu isichanjwe kwa grainda. Nyumba ya beringi isuguliwe kutu yote, na magari yanayolala karibu na bahari kama Mikindani au Kilwa huwa nayo nyingi. Beringi mpya inaingizwa kwa kusukuma ringi ya nje. Hubu inapoingia, ringi ya ndani lazima iwe imeegemezwa kwa chini. Ukisukuma ringi isiyo yake, nguvu yote inapita kwenye gololi na kuacha alama ndogo ndogo kwenye njia zake. Beringi mpya itavuma baada ya wiki chache, nawe utaambiwa spea ilikuwa feki. Spea feki zipo, lakini nyingi zinazolaumiwa zimeuawa kwa nyundo.

Klipu ya duara irudi mahali pake. Kama gari lina ABS (mfumo unaozuia matairi kujifunga ukikanyaga breki) na beringi ina upande wenye sumaku, upande huo uelekee sensa, la sivyo taa ya ABS itawaka. Nati ikiwa ya kukunjwa mdomo iwe mpya. Ikiwa ya pini, pini iwe mpya. Gari lisishushwe likasimama kwa uzito wake kabla nati haijakazwa kwa kipimo. Nati za tairi ni 103 Nm, na zikaguliwe tena baada ya kilomita 100 hivi. Ikigundulika kuwa mbovu ni ya nyuma, una nafuu: kwenye IST ya kuvuta mbele hubu na beringi huja pamoja, zinafungwa kwa bolti nne bila presi.

Dai upewe beringi ya zamani mkononi. Izungushe, usikie mwenyewe inavyokwaruza.

Wengi wanaoniuliza kuhusu mvumo hawataki gari lipone, wanataka linyamaze, na wapo mafundi wanaoishi kwa kuuza huo ukimya. Gia boksi inayolia inatiwa oili nzito isiyo yake. Pedi za breki zinazopiga kelele zinapakwa grisi usoni, na gari linakosa breki. Taa ya ABS inachomolewa. Beringi nayo ikinyamazishwa inaendelea kufa: inapata joto, inaanza kucheza, diski inayumba, pedali ya breki inashuka, na mwisho hubu inaachana na mahali pake gari likiwa kwenye mwendo.

Hali hiyohiyo inawakuta wanunuzi wa magari yaliyotumika. Beringi iliyopakwa grisi jana haivumi kwenye mzunguko wa mtaani. Kabla hujatoa pesa, toka nje ya mji, pandisha vioo, zima redio, endesha kwa 80 angalau nusu saa hadi hubu zipate joto, kisha simama na usogeze kiganja karibu na katikati ya kila rimu bila kuigusa. Moja ikiwa na joto kuliko mwenzake wa upande wa pili, mwenye gari aieleze hiyo kwanza.