Mboji ya bei nafuu kwa viazi vya kwenye viroba, Moshi

Dada, kwa viroba kumi vya viazi mviringo usinunue mboji ya vifuko inayouzwa kwenye vitalu vya maua, utatumia hela bure. Tafuta samadi kwa wanaofuga ng'ombe wa ndani, pande za Kibosho au Marangu. Wahi kabla ya masika, maana ukichelewa yote inaenda kwenye migomba. Chukua ya chini ya lundo, nyeusi, isiyonuka. Ingiza mkono hadi kiwiko: ukihisi vuguvugu, bado haijaiva. Mbichi inaunguza mizizi. Makapi ya mpunga utayapata kwenye mashine za kukoboa. Kazi yake ni kulegeza udongo, si kurutubisha.

Pima kwa ndoo: udongo 2, samadi 1, makapi 1. Udongo usitoke mahali palipokuwa na nyanya, biringanya au mnavu. Ugonjwa wa mnyauko bakteria hubaki humo, na mmea unalala ghafla majani yakiwa bado kijani. Majivu usiweke kabisa, hata ukishauriwa: yanapunguza tindikali ya udongo na viazi vinatoka na magamba kwenye ganda.

Toboa kiroba chini, kunja mdomo wake kwa nje, weka sentimita 20 za mchanganyiko, viazi vya mbegu 3 vilivyochipua, funika kwa sentimita 10. Mashina yakifika sentimita 20, ongeza mchanganyiko hadi nusu yake, na urudie hadi kiroba kijae. Kiazi kikipigwa na jua kinakuwa kijani, hicho usipike.