Joho la Bikira Maria linachafuka nikitia nyeusi, nifanyeje?

Swali: Shikamoo mwalimu. Nanakili Madonna del Granduca, ile picha ya Bikira Maria na Mtoto Yesu ya mchoraji Raphael, kwa rangi za mafuta, kujifunza tu. Sura imekubali ila joho la bluu linanitesa, nikitia nyeusi kwenye mikunjo linachafuka, nikiacha bluu tupu linakuwa flati. Nakosea wapi?

Jibu: Marahaba. Hiyo nyeusi weka pembeni kabisa. Shida ni kwamba unataka umalize joho kwa mkono mmoja, yaani tabaka moja la rangi, wakati mafundi wa Italia enzi zile walikuwa wanalijenga mkono juu ya mkono. Ultramarini, hiyo bluu ya joho, inapitisha mwanga, ukiipaka nene peke yake inakaribia kuwa nyeusi, uzuri wake unatoka kwenye kilichopo chini, ndo maana wengi walitanguliza azuriti, bluu nyingine ya bei nafuu, halafu ultramarini ya jiwe la Afghanistan inakuja juu nyembamba, maana bei yake ilikuwa haishikiki.

We mkono wa kwanza changanya ultramarini na nyeupe, jenga mikunjo yote hapo hapo, penye mwanga nyeupe nyingi, penye kivuli nyeupe kidogo, na lote liwe limepauka kuliko unavyotaka liishie, likifanana na yunifomu ya shule iliyofuliwa mwaka mzima uko sawa. Subiri likauke, kidole kisinate, hata kama ni wiki nzima. Ndo uchukue ultramarini tupu na tone la mafuta ya kitani, paka nyembamba mikunjo ionekane kwa chini, pale mwanga unapopiga futa na kitambaa. Likikauka rudia vivulini tu, na kwenye kina kabisa ongeza alizarini kidogo, ile nyekundu iliyokolea. Mkono wa chini tarpentaini, wa juu mafuta zaidi, ukigeuza patapasuka.

Cheki na tyubu yako, nyuma iandikwe PB29, ndo namba ya rangi ya ultramarini. Ikiwa PB15 hiyo ni bluu nyingine, kali mno, inameza kila kitu. Jiwe halisi usihangaike nalo, ya kiwandani ipo tangu miaka ya 1820 na inafanya kazi vizuri tu.

Halafu ule weusi nyuma ya Maria, eksirei ilionyesha chini yake kuna chumba chenye dirisha, inaonekana weusi uliongezwa baadaye. Ila kama unanakili picha ilivyo leo, upake kabla ya kumalizia joho, maana bluu ikiwa pembeni ya turubai jeupe inaonekana nzito kuliko ilivyo, utaogopa kuongeza mkono. Changanya amba ya kuchoma, ile kahawia iliyokolea, na ultramarini, inakauka haraka kuliko nyeusi ya tyubu.