Biskuti za Kigiriki za sikukuu: maswali yenu

Biskuti kubwa za sikukuu Ugiriki ni tatu: kurabiedes za siagi na melomakarona za asali wakati wa Krismasi, na kulurakia za Pasaka. Haya ndiyo mliyouliza.

*Shikamoo mama. Melomakarona zangu zimetoka ngumu na shira haikuingia ndani, ingawa unga niliukanda vizuri sana. (Msomaji, Morogoro)*

Marahaba mwanangu. Umeshajijibu: umekanda vizuri sana. Huu si unga wa chapati. Kwa gramu 500 za unga wa ngano na gramu 100 za suji, chukua mililita 280 za mafuta na mililita 200 za maji ya machungwa, sukari vijiko viwili, mdalasini kijiko cha chai na karafuu ya kusaga robo kijiko. Beking soda nusu kijiko itie kwenye maji ya machungwa kwanza. Yatafoka povu papo hapo, kwa hiyo tumia bakuli kubwa. Changanya majimaji yote, ndipo umimine unga na kuukunja taratibu kwa mkono. Unga mkavu ukishapotea, toa mkono. Ukiendelea, mafuta yanaanza kujitenga, donge linang'aa na kukuchuruzika vidoleni. Hapo hata oveni nzuri haikusaidii.

Shira nayo ina masharti yake. Chemsha sukari gramu 500 na maji mililita 300, pamoja na kijiti cha mdalasini na chungwa lililopasuliwa katikati. Sukari ikishayeyuka na kuchemka kidogo, epua, halafu ndio utie asali gramu 150. Kimoja kiwe moto, kingine baridi. Mimi hupika shira mapema ipoe, kisha biskuti zikitoka tu motoni nazitumbukiza, sekunde 10 hadi 15 kila upande. Vyote vikiwa moto biskuti zinamong'onyoka, vyote vikiwa baridi shira inateleza juu tu. Kabla ya kuoka, bonyeza kila biskuti kwa uma ili shira ipate pa kupenya. Mwisho nyunyiza jozi zilizotwangwa. Ukizikosa, korosho si dhambi.

*Mafuta ya zeituni ni ghali. Naweza kutumia siagi kwenye melomakarona? (Msomaji, Nakuru)*

Siagi hapana. Waorthodoksi hufunga siku 40 kabla ya Krismasi, kuanzia tarehe 15 Novemba, na katika mfungo huo hawali nyama, maziwa wala mayai. Melomakarona zimejengwa juu ya mfungo huo: mafuta, machungwa na asali, basi. Ndiyo maana mtu anaweza kuzipika mapema Desemba na kuonja moja bila kuvunja saumu. Kurabiedes, zenye siagi tele, zinangoja mfungo uishe. Ukitia siagi kwenye melomakarona umetengeneza biskuti nyingine, huenda tamu, lakini si hiyo. Kuhusu bei, theluthi moja ya zeituni na iliyobaki alizeti inatosha kabisa. Wagiriki wengi wenyewe huchanganya.

*Nimeona picha ya kurabiedes. Hizi si nankhatai zetu tu? (Msomaji, Mombasa)*

Ukoo mmoja, nyumba tofauti. Waturuki wana biskuti za namna hii, Waarabu wana zao, na Wagiriki waliokuja kama wakimbizi kutoka Anatolia (Uturuki ya leo) miaka ya 1920 walihama na mapishi yao. Mji wa Nea Karvali karibu na Kavala, ulioanzishwa na wakimbizi wa Kapadokia, sehemu ya hiyo Anatolia, unasifika kwa kurabiedes mpaka leo. Tofauti iko kwenye lozi zilizokaangwa kavu na kukatwakatwa, na kwenye sukari ya unga inayofunika biskuti nzima. Anayepika nankhatai ana faida kubwa, kwa sababu mkono wake umeshazoea donge laini lisilo na maji.

Samli pia inafaa, ila punguza: palipoandikwa siagi gramu 250, samli gramu 200 inatosha, kwa kuwa siagi ina maji ndani yake. Ipige na sukari mpaka iwe nyeupe. Usichoke haraka, ulaini wote unatoka hapo. Na joto la pwani tunalijua: weka donge kwenye friji nusu saa kabla ya kuoka, la sivyo zitatandaa zote kwenye trei.

*Sisi ni Waislamu. Mapishi yote yanataja brandi. (Msomaji, Unguja)*

Iache. Kwenye melomakarona ongeza maji ya machungwa kiasi kilekile. Kwenye kurabiedes tumia maji ya waridi, na hapo hujakwepa mila yoyote, maana Wagiriki nao huzinyunyizia maji ya waridi au ya maua ya michungwa zikiwa bado moto. Zikipoa kidogo pitisha sukari ya unga ishike, zikipoa kabisa mwaga tabaka la pili bila ubahili.

*Karafuu nzima inayochomekwa juu ya kurabiedes ni ya kula? (Msomaji, Kigali)*

Itoe kabla ya kung'ata. Husemwa inakumbusha viungo walivyobeba Mamajusi.

*Sina oveni, nina jiko la mkaa. (Msomaji, Tabora)*

Anza na kurabiedes, hazihitaji kuumuka. Mkaa mchache chini, mwingi kidogo juu ya mfuniko, na mchanga ndani ya sufuria kubwa ili trei isiguse moto. Zitoe zikiwa bado nyeupe juu na zimeanza tu kubadilika rangi chini. Usizishike zikiwa moto, zitavunjika.

*Kulurakia zinataka amonia. Nilipofungua oveni nilikimbia. (Msomaji, Arusha)*

Harufu hiyo ni ya kawaida, inatoka yote biskuti zikikauka, nazo zinabaki nyepesi na za kukatika. Fungua madirisha, na usionje unga mbichi. Hakikisha ni amonia ya kuokea, kamwe si ile ya kufanyia usafi. Ukiiogopa, beking pauda itafanya kazi, ila ukavu wake si uleule. Zisokote kama msuko wa nywele, zipake kiini cha yai, nyunyiza ufuta. Na kama unampikia jirani Mworthodoksi, angalia kalenda yake: mwaka 2026 Pasaka yao ni tarehe 12 Aprili, wiki moja baada ya ile ya Wakatoliki.