Jibu: Umeme ukikatika usiku, tangi la matumbawe lihudumiwe vipi?
Salaam ndugu wa Ntinda, Kampala. Umeuliza kama ununue jenereta, maana umeme ukikatika usiku unakuta samaki asubuhi wanahema juu ya maji. Hapo oksijeni ndiyo imepungua, basi anza na kusukuma maji. Taa ziache, matumbawe huvumilia giza. Mimi kwenye inverta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani) nimeweka pampu ya mawimbi ya wati 10 peke yake. Betri ya volti 12, ampea-saa 100, hata ikitumika nusu, inapita saa 24. Hita ya maji itaimaliza betri upesi mno! Badala yake zungushia tangi blanketi kutunza joto, juu pabaki wazi. Usiwalishe gizani. Ila kwanza, leo hii, zima pampu kuu, ile inayopandisha maji kutoka tangi dogo lililo chini, uone kama maji yanayoshuka hayatalifurisha tangi hilo la chini umeme ukikatika.