Kabla hujamwambia fundi achomelee friwili

Wiki iliyopita nilikuwa kijiweni kwa fundi wetu wa baiskeli, chini ya mwembe pale Ng'ambo, Tabora, nikingoja aniunganishie cheni. Akaja dogo mmoja na Phoenix. Alikwisha kuing'oa keria, madigadi, kengele na breki zote mbili, kimebaki chuma kitupu kama mbuzi aliyechunwa. Akamwamkia mzee shikamoo, akatoa simu, akamwonyesha video ya jamaa wa New York anapenya katikati ya teksi za njano bila kugusa breki, maana hana.

"Mzee, nataka unichomelee friwili iwe hivi."

Fundi hakujibu. Alinitazama mimi. Nikakunja suruali mguu wa kulia, nikamwonyesha dogo kovu.

Kwa asiyezijua baiskeli kama ile ya kwenye video: ni za uwanja wa mbio, ule wa mviringo wenye kona zilizoinuliwa, unaoitwa velodromu. Hazina friwili, ile gia ya nyuma inayokuruhusu kuacha kukanyaga. Gurudumu la nyuma likizunguka, pedeli zinazunguka nalo, upende usipende. Hakuna kutulia baiskeli ikaserereka yenyewe huku miguu imepumzika. Ukitaka kupunguza mwendo unashindana na pedeli kwa nguvu za mapaja. Uwanjani hazina breki kwa sababu wote wanaelekea upande mmoja na hakuna bajaji inayokatiza. Wajapani wamezifanyia mbio za kamari zinazoitwa keirin tangu 1948, huko Kokura, na mwaka 2000 keirin ikaingia Olimpiki ya Sydney. Matarishi wa baiskeli wa miji ya Marekani nao wakazipenda kwa sababu zao: hazina vitu vingi vya kuharibika, na mwizi asiyezizoea hafiki mbali.

Vijana wanaziita fiksi. Kwetu neno hilo lilikuwa na kazi yake tayari, na nusu ya yanayosimuliwa juu ya baiskeli hizi ni fiksi kwelikweli.

Sasa kovu. Miaka sita iliyopita na mimi nilikuwa na simu yenye video hizo hizo. Fundi niliyemwendea hakuwa huyu wa Ng'ambo. Alifuta grisi kwa tambara, akaigusa friwili kwa welda sehemu nne, grisi iliyobaki ndani ikatoa moshi wenye harufu ya sufuria iliyosahaulika jikoni, akaimwagia maji, akasema tayari. Shilingi 3,000. Nikazitoa breki siku hiyo hiyo, kwa urembo tu.

Siku ya kwanza sikuweza hata kuipanda. Sisi tuliokulia kwenye Phoenix tunapanda kwa kukanyaga pedeli kwa mguu mmoja, tunasukuma chini kwa mwingine mara mbili tatu, ndipo tunarusha mguu kupita juu ya siti. Kwa hii haiwezekani, kwa sababu pedeli uliyokanyaga inazunguka na wewe. Nikapandia kwenye ukingo wa mtaro kama mtoto. Kisha nikakata mita 100, nikasahau, nikaacha kukanyaga kama nilivyozoea, ikanirusha juu kama punda. Watoto wa mtaa walifurahi sana siku ile.

Lakini baada ya wiki mbili nilikuwa nimeipenda, siwezi kudanganya. Alfajiri barabara ikiwa tupu husikii kitu ila cheni. Mchanga ukianza chini ya tairi unaujua kwa nyayo kabla macho hayajauona. Hilo ndilo linalowanasa watu, zaidi ya mbwembwe zote za kwenye simu.

Wiki ya tatu, jioni, natoka upande wa stesheni nimekaza mwendo. Bajaji ikageuka mbele yangu bila taa wala mkono. Nikafanya kama kwenye video: nikainamia usukani, nikakaza miguu pedeli zisizunguke. Gurudumu likashika nusu sekunde. Halafu miguu ikaenda nyuma bure, nyepesi, kama unavyovuta ndoo kisimani kamba ikakatika. Bajaji niliikwepa. Meza ya nyanya sikuikwepa.

Mama mwenye nyanya alinisimamia huku nimekaa chini nimeshika mguu. "Mwanangu, breki huna?"

"Sina, mama."

"Uliziuza?"

Nyanya nililipa 18,000, na mguu ukashonwa nyuzi saba.

Kilichotokea nilikielewa baadaye, na ndicho ninachotaka kila dogo akijue kabla welda haijawashwa. Friwili haijachomelewa kwenye gurudumu. Imefungwa kwenye habu, yaani kile kiini cha gurudumu, kwa thredi, kama kizibo cha chupa. Unapokanyaga mbele unaikaza. Unapokaza miguu kurudi nyuma, unaifungua. Fundi akichomelea anaunganisha friwili yenyewe, ya ndani na ya nje ziwe kitu kimoja, lakini hakuna kinachoizuia kufunguka kutoka kwenye habu. Kwa hiyo inashika vizuri siku zote ambazo huihitaji, na siku unayoihitaji kwa nguvu zako zote, hizo nguvu ndizo zinazoifungua.

Habu halisi ya uwanjani ina thredi mbili. Ya kwanza ni ya sproketi, ile gia ya meno inayovutwa na cheni. Pembeni yake kuna ya pili, nyembamba kidogo, iliyokatwa kinyume, na hapo inaingia ringi ya kufungia. Sproketi ikitaka kufunguka inaisukuma ile ringi, na ringi kwa kuwa thredi yake ni kinyume, inazidi kukaza. Ukiitazama kwa upande utaona ngazi mbili. Ukiona ngazi moja, hiyo ni habu ya kawaida, hata muuzaji akuapie. Wapo wanaoibandika sproketi kwenye habu ya kawaida kwa gundi na ringi ya kuazima. Wazungu wenyewe wanaiita habu ya kujiua.

Yangu niliipata kwenye mtumba wa Dar es Salaam, ikaja na basi. Hesabu matundu ya spoki kabla hujatuma hela. Ringi yangu ya nyuma, ile inayovaa tairi, ilikuwa na matundu 40, habu ikaja na 36, nikaingia gharama ya ringi nyingine ambayo sikuwa nimeipanga.

Fremu ya Phoenix, ajabu, inafaa kuliko hizo baiskeli za gia za milimani zinazoringiwa. Nafasi ya ekseli nyuma imefunguka kwa nyuma, kwa hiyo unaweza kulivuta gurudumu mpaka cheni ikakaa sawa. Iache icheze kama sentimita moja juu na chini katikati. Ikilegea zaidi itaruka, na cheni ikiruka huna cha kukusimamisha. Ubaya wa Phoenix ni kwamba krenki zake, ile mikono ya pedeli, ziko chini. Kwenye kona huwezi kunyanyua pedeli ya ndani ukaiacha juu, inazunguka tu, na ukilala sana itagonga lami na kukurusha. Kona zichukue taratibu.

Na breki ya mbele irudi. Hapa sina mjadala. Ukipunguza mwendo uzito wote unakimbilia mbele, gurudumu la nyuma linabaki jepesi, linaburuzika tu. La mbele ndilo linaloshika ardhi. Uingereza wameliweka hili kwenye kanuni tangu 1983: baiskeli isiyo na friwili haiendi barabarani bila breki ya mbele. Zile fito za breki za Phoenix hazipendezi, nakubali. Tafuta ya waya basi.

Kuna hesabu moja mafundi wengi hawaijui, na inaokoa hela ya tairi. Chukua chaki, hesabu meno ya mbele na ya nyuma. Yangu yalikuwa 48 na 20. Yagawe mpaka yasigawanyike tena: 12 kwa 5. Ile namba ya chini ndiyo idadi ya sehemu ambazo tairi lako litalika ukiburuza, ikiwa unakaza mguu ule ule kila mara, kwa sababu pedeli inasimama pale pale na gurudumu linarudi kwenye alama zile zile. Kwangu ni tano. Ukiweka 48 na 16 unapata 3 kwa 1, yaani sehemu moja tu ya tairi ndiyo itakayosuguliwa kila siku. Mwezi hauishi utaona nyuzi. Weka 17 badala ya 16, jino moja tu, unapata sehemu 17.

Mavazi: suruali ikunjwe au ifungwe. Kwenye baiskeli ya kawaida pindo likinaswa unaacha kukanyaga; hapa gurudumu linaendelea kulimeza. Kandambili hazifai, katambuga angalau, na miguu ifungwe kwenye pedeli kwa vipande vya tyubu vilivyokatwa upana wa vidole viwili. Abiria usibebe. Na vidole: usifute cheni huku gurudumu linazunguka. Sproketi haitasimama kwa sababu kidole kimeingia, itakipitisha upande wa pili.

Dogo alisikiliza yote haya, akauliza alilokuwa nalo moyoni tangu mwanzo. "Braza, na mashindano je?"

Mbio za mitaani alizoziona zina historia yake. Matarishi walikuwa wakishindana wao kwa wao: unapewa orodha ya vituo mjini, njia unajichagulia, kadi yenye namba yako unaichomeka kwenye spoki. Toronto walikuwa nazo tangu 1989, na mwaka 1993 matarishi wa nchi mbalimbali wakakutana Berlin kwa mashindano yao ya kwanza ya dunia. Watu wamekufa humo pia. Februari 2008 Chicago mshiriki mmoja aligongwa na gari kwenye makutano. Mwezi uliofuata, Brooklyn, zikaanza mbio za Red Hook za baiskeli zisizo na breki, usiku. Zilipokua hazikubaki kati ya magari, zilihamia kwenye mzunguko uliofungwa, na ziliendelea mpaka 2018. Video za teksi za njano hazikuambii hilo.

Sisi tulijaribu za kwetu mwaka jana, Agosti, vumbi limetulia na barabara kavu. Tulikuwa 11, watatu tu kati yetu wakiwa na fiksi. Tulikwenda kwanza kwa mwenyekiti wa mtaa, kisha polisi wa usalama barabarani, tukapangiwa Jumapili saa kumi na mbili na nusu asubuhi na tukakatazwa kupita sokoni. Vituo vitano: stesheni, Isevya, Cheyo, uwanja wa Ali Hassan Mwinyi, na Kwihara kule kwenye tembe la Livingstone. Kila kituo kuna mtu na muhuri wa kiazi, unasimama, unapigwa muhuri kwenye kadi, unaondoka.

Kuna kijana alikataa breki. Tulimwambia basi hashindani. Akaifunga mwanzoni, na tulipogeuka akaikata waya. Miguu anayo, siwezi kumnyima haki yake. Njia nzima ya vumbi ya Kwihara alituacha sote. Lakini pale tembeni nilimwona kwa macho yangu: alianza kukaza mita 15 kabla ya mwenye muhuri, tairi likaburuza kwenye mchanga, akampita, akaenda kusimama karibu na michongoma, akashuka, akaigeuza baiskeli, akarudi akiisukuma kwa mkono. Wakati huo wawili wa Phoenix za kawaida, zenye keria, walikwisha kupigwa muhuri na kuondoka. Ikawa hivyo kila kituo. Alimaliza wa nne, na hadi leo anasema barabara ndiyo iliyomwangusha.

Zawadi ilikuwa lita moja ya asali. Ukipanga za kwenu, weka vituo vingi na karibu karibu. Mwendo unapungua wenyewe bila kumgombeza mtu.

Dogo aliondoka bila kuchomelewa. Jana alipita na kuniuliza habu inaitwaje dukani, nikamwambia atafute ile yenye thredi pande zote mbili: upande mmoja unafunga sproketi na ringi yake, upande wa pili friwili ya kawaida. Unafungua nati mbili, unaligeuza gurudumu, umepata baiskeli nyingine. Mimi mvua za kwanza zikinyesha na maembe yakaanza kuangukia barabarani, nageuza upande wa friwili na siurudishi mpaka Mei.